Bendi Isiyo na Lebo Haikufuati: Kusaka Pop-panki Ukiwa Nairobi

Nairobi, pop-panki haiji yenyewe. Matatu ya Rongai itakupigia gengetone na dancehall hadi steji ya mwisho, redio zitakupa injili, rhumba na Bongo Fleva, na Boomplay au Mdundo zimejengwa kwa ajili ya mpenzi wa muziki wa Kiafrika. Mwenye kupenda magitaa ya kasi na viitikio vya kuimbwa kwa kupaza sauti alishazoea kutafuta. Akishuka ngazi moja zaidi, hadi kwa bendi zisizo na mkataba na lebo yoyote, hata kule Marekani na Uingereza zinakotoka ni nadra kuzisikia redioni. Tumezisaka kwa miaka kutoka hapa, kwa simu na kwa mabando ya kuhesabu, na tunayajua mashimo ya njiani: mahali pesa inapopotea, mahali bando linapoishia, na mahali moyo unapovunjika kwa sababu albamu uliyoipenda mwezi uliopita haipo tena.

Bendi ya aina hii haina kampuni nyuma yake. Ni watu watatu au wanne wenye kazi zao za mchana. Wamechanga pesa, wamerekodi nyimbo nne au tano wikendi, wamechora jalada wenyewe, kisha wamepandisha kila kitu mtandaoni. Hakuna wa kutuma nyimbo redioni wala wa kulipia matangazo. Kazi ambazo lebo ingezifanya, nyingine hazifanywi kabisa na nyingine zinamwangukia msikilizaji. Ukilielewa hilo mapema, mengine yote yanakuwa rahisi.

Wala usidhani kukosa lebo ni dalili ya udhaifu. Blink-182, bendi maarufu ya pop-panki ya California, walianza kwa kaseti za demo, yaani rekodi za majaribio, mwaka 1993. Wenzao Green Day walitoa albamu mbili chini ya Lookout, lebo ndogo ya California, kabla ya lebo kubwa ya Reprise kuwachukua na kuwatolea albamu ya Dookie mwaka 1994. Ukumbi wa 924 Gilman Street mjini Berkeley, uliofunguliwa tarehe 31 Desemba 1986 na ambako Green Day walikulia, ulikuwa na sheria ya kutopandisha jukwaani bendi za lebo kubwa. Waliposaini, wakajikuta nje ya mlango wa nyumbani. Katika muziki huu kuna watu wanaokaa bila lebo kwa hiari, na nyimbo zao ni nzuri sana.

Kosa la kwanza tunaloliona kwa wanaoanza ni kuitegemea Spotify iwatafutie. Huduma hiyo iko Kenya tangu Februari 2021 na ni nzuri kwa bendi unayoijua tayari. Lakini mfumo wake wa kupendekeza nyimbo unakula takwimu za usikilizaji, na bendi mpya haina takwimu. Tena tangu 2024, wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi chochote kwa mwenye wimbo. Ukiisikiliza demo mara 60 huko, umejifurahisha wewe, bendi haijapata hata senti.

Mahali pa kuanzia ni Bandcamp, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambako bendi hujiuzia yenyewe. Andika tagi, yaani neno ambalo bendi hulitumia kutaja aina ya muziki wake, na usiishie kwa "pop punk" pekee, kwa sababu bendi nyingi hujiita vinginevyo: jaribu "melodic punk", "skate punk" na "easycore". Kisha panga matokeo kwa mpya kwanza, si kwa zinazouzwa sana. Ukipanga kwa mauzo utakutana na majina yaleyale kila wiki. Ukiongeza tagi ya mji mambo yanakuwa matamu zaidi, maana bendi za mji mmoja hujuana: zinaazimana wapiga ngoma, zinagawana gharama za studio, zinashukuriana kwenye majalada. Ukipata moja nzuri Leeds au Chicago, kuna nyingine mbili tatu jirani yake.

Usisikilize kila wimbo mzima katika awamu hii, bando halitatosha. Hesabu ni hii: pop-panki nyingi hukimbia kwenye mapigo 160 hadi 200 kwa dakika. Kwa mapigo 170, kipimo kimoja cha mapigo manne huchukua sekunde 1.4. Utangulizi wa vipimo 8 ni sekunde 11, ubeti wa vipimo 16 ni sekunde 23, kwa hiyo kiitikio kinafika karibu sekunde ya 34. Kukiwa na daraja fupi la vipimo 8 kabla yake, ni sekunde ya 45. Dakika moja inakutosha kusikia ubeti na kiitikio, na kiitikio ndicho kinachobeba muziki huu. Kikipita na humkumbuki mwimbaji alisema nini wala alipandisha sauti wapi, nenda wimbo unaofuata.

Baada ya hapo acha tagi na ufuate watu. Chini ya jalada la albamu utaona picha ndogo za walioinunua. Bonyeza mmoja ambaye amenunua kitu kingine unachokipenda, fungua mkusanyiko wake, na utakuta miaka ya kusaka ya mtu mwenye masikio kama yako imepangwa mbele yako bure. Shuka pia hadi mwisho wa ukurasa usome nani alirekodi, nani alichanganya sauti, studio gani. Jina hilo litafute peke yake. Fundi mmoja mwenye studio ndogo nyumbani anaweza kuwa amerekodi bendi nyingi za mji wake, na mkono wake unasikika katika zote. Njia ya tatu ni mabango ya shoo. Yasome kuanzia chini, kwenye herufi ndogo kabisa, kwa sababu huko ndiko wanakowekwa wasio na lebo. Tamasha la The Fest la Gainesville, Florida, lililoanza mwaka 2002, hutoa orodha ya bendi nyingi sana, na nusu ya chini ya orodha hiyo inaweza kukushughulisha hadi mwaka unaofuata. Manchester Punk Festival ya Uingereza nayo iko hivyo hivyo.

Umepata bendi. Kabla ya kuipenda kupita kiasi, hakikisha ni yenyewe. Majina hugongana mno kwa sababu hakuna wakili aliyeyakagua. Hata Blink wa California walilazimika kuongeza 182 baada ya bendi ya Ireland yenye jina hilohilo kulalamika. Kwenye majukwaa makubwa, nyimbo za bendi mbili zenye jina moja huingizwa kwenye ukurasa mmoja, na watu humsifia mtu asiyehusika. Linganisha jalada, mwaka na majina ya wanabendi kati ya Bandcamp na kurasa zao nyingine. Siku hizi kuna jambo jingine la kuangalia, nyimbo zilizotungwa na mashine. Mwaka 2025 "bendi" iitwayo The Velvet Sundown ilivuka wasikilizaji milioni moja kwa mwezi kwenye Spotify kabla ya kukubaliwa wazi kwamba ni kazi ya akili bandia. Bendi ya kweli huacha nyayo: bango la shoo lenye tarehe na ukumbi, video ya simu iliyotikisika, jina la mpiga ngoma, picha ya ampu iliyobandikwa mkanda. Ukikosa vyote hivyo na albamu ni tatu ndani ya miezi miwili, funga ukurasa.

Sasa kaa usikilize vizuri. Hapa ndipo wengi wanapozitupa bendi nzuri, kwa kuwa wanaipima demo kwa kipimo cha albamu iliyogharimiwa na kampuni. Bandcamp ikikuchezea bure hutumia MP3 ya kbps 128 (kilobiti kwa sekunde), kama megabaiti moja kwa dakika. Matoazi na mngurumo wa gitaa ndivyo vitu vya kwanza kuharibika katika kiwango hicho, vinageuka mvumo wa majimaji. Kwa hiyo usihukumu urekodi hapo, hukumu utunzi.

Visikizi navyo vina neno lake. Vingi vya bei ya chini vinavyouzwa Luthuli Avenue vimetengenezwa kumfurahisha mpenzi wa besi, na besi iliyovimba hufunika sehemu ya katikati ya sauti, ambako gitaa na mwimbaji wanaishi. Zima kitufe cha kuongeza besi kwenye simu, rudisha mizani ya sauti iwe sawa, na uhakikishe pande zote mbili zinalia. Utaona sasa hivi kwa nini pande mbili ni muhimu.

Chukua demo ya kawaida. Mpiga ngoma anagonga vijiti mara nne. Magitaa yanaingia pamoja, moja sikio la kushoto na jingine la kulia, na mara nyingi ni mtu mmoja aliyepiga kitu kilekile mara mbili. Tofauti ndogo kati ya upigaji wa kwanza na wa pili ndizo zinazofanya ukuta wa sauti uwe mpana. Bendi iliyokuwa na haraka hunakili upigaji mmoja na kuuweka pande zote mbili, na matokeo yake sauti zinaungana na kuhamia katikati ya kichwa chako, ukuta umekwisha. Katika ubeti mpigaji anaegemeza ubavu wa kiganja kwenye nyuzi, karibu na zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, mlio unakuwa mfupi na mkavu. Kiitikio kikifika anainua mkono. Nyuzi zinafunguka, matoazi yanaanza kupasuka, na wimbo mzima unapanuka bila mtu kugusa kitufe cha sauti. Noti zenyewe mara nyingi ni mbili tu, ya msingi na ya tano yake. Ile ya tatu inaachwa kwa sababu ikipitishwa kwenye ampu yenye mngurumo mkali inatoa mlio uliochafuka. Ukimsikia mpigaji anayejua lini ainue kiganja, umepata bendi inayofanya mazoezi.

Ngoma ndizo ghali kuliko vyote kurekodi. Zinahitaji chumba kizuri na maikrofoni nyingi, na hivyo bendi zisizo na pesa hutumia ngoma za kompyuta. Utazitambua pale mpigaji anapozungusha mapigo ya haraka kabla ya kiitikio: kila pigo la ngoma ndogo linafanana kabisa na lililotangulia, kwa nguvu ileile, kama rashasha. Ngoma halisi zina pigo zito na pigo jepesi. Usiikatae bendi kwa sababu hii. Itafute kwenye video ya shoo, hata ya simu, usikilize kama mpiga ngoma wao anashika mwendo hadi mwisho wa wimbo. Wengi huanza kwa 170 na kumaliza wanakimbia. Katika ukumbi mdogo hilo linasameheka na wakati mwingine linanoga.

Kuhusu mwimbaji, sauti ya puani ni mila ya muziki huu na haihitaji kusamehewa. Kinachouma ni maneno yasiyosikika. Bandcamp ina nafasi ya kuweka mashairi kwa kila wimbo, na bendi iliyojaza nafasi hiyo inajali. Yasome. Nyingi zinaimba juu ya mji mdogo usio na kazi, marafiki waliohama, kodi ya nyumba, kukaa kwa wazazi ukiwa na miaka 25. Kijana wa Kayole au Zimmerman hahitaji kutafsiriwa lolote hapo, na ndiyo maana muziki huu unatushika huku ingawa ulianzia mbali.

Kipimo chetu cha mwisho ni wimbo wa tatu na wa nne. Bendi huweka wimbo wake bora mwanzoni. Ukifika wa nne na bado kuna kitu kipya, labda mapigo yanapunguzwa nusu katikati ya wimbo, labda gitaa la besi linapewa nafasi peke yake, labda sauti ya pili inaingia na maneno tofauti, basi hiyo si bendi ya wimbo mmoja. Ilipe.

Malipo ndiyo yanayowatisha watu wa hapa kuliko inavyostahili. Bandcamp inapokea kadi na PayPal. Asiye na kadi ya benki anaweza kutengeneza kadi pepe ya Visa ndani ya programu ya M-PESA, huduma iliyozinduliwa mwaka 2022, na pesa inatoka kwenye salio lake la kawaida. Namba ya usalama ya kadi hiyo hudumu muda mfupi tu, kwa hiyo fungua ukurasa wa malipo kwanza, ndipo uitoe namba. EP, yaani albamu fupi, ya nyimbo tano mara nyingi ni dola 5. Dola ikiwa karibu shilingi 130, hiyo ni 650, lakini ukiwa na 650 kamili malipo yatakataliwa, kwa kuwa kuna makato ya kubadili fedha. Acha akiba ya shilingi 50 au 60 juu yake. Angalia pia sarafu: bendi za Uingereza hupanga bei kwa pauni, na 5 ya pauni ni nzito kuliko 5 ya dola. Malipo yakikataliwa, usibonyeze tena na tena. Subiri ujumbe wa M-PESA, soma salio, ndipo urudie.

Katika ununuzi wa nyimbo Bandcamp kwa kawaida hukata asilimia 15, na anayepitisha malipo hukata chake kidogo. Kinachobaki ni cha bendi. Kuna siku maalum, zilizoanza Machi 2020, zinazoitwa Bandcamp Friday, ambapo Bandcamp huacha fungu lake. Siku hiyo huhesabiwa kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, na hapa ndipo watu wa Nairobi hukosea: kwetu inaanza saa nne asubuhi ya Ijumaa na kuisha saa nne asubuhi ya Jumamosi, au saa tano hadi saa tano katika miezi ya baridi ya Marekani. Ukinunua Ijumaa saa moja asubuhi, umenunua siku ya kawaida.

Albamu nyingi za demo zimeandikwa ulipe unachotaka, hata sifuri. Sifuri inaruhusiwa, lakini jua kwamba bendi hupewa idadi maalum ya upakuaji wa bure kwa mwezi. Ikiisha, anayefuata hapati tena bure hadi bendi ilipie zaidi au mwezi ugeuke. Dola moja yako haili kwenye mgao huo. Kwa sisi dola moja ni chapati na maharagwe, kwa bendi ni ujumbe wa barua pepe unaosema kuna mtu Nairobi amenunua, na tumeona jinsi wanavyofurahi.

Pakua siku hiyohiyo. Hili nalisisitiza kuliko lolote lililotangulia, kwa sababu muziki wa watu hawa hupotea kwa njia za kawaida kabisa. Ili kuingia Spotify au Apple Music, bendi hulipa msambazaji wa mtandaoni, na baadhi ya wasambazaji hutoza ada ya kila mwaka. Bendi ikivunjika, kadi ya aliyekuwa akilipa ikiisha muda, nyimbo zinashuka kimyakimya. Mwaka 2019 MySpace ilitangaza kuwa imepoteza muziki uliopandishwa kabla ya 2016 wakati wa kuhamisha mitambo: zaidi ya nyimbo milioni 50 za wasanii milioni 14. Kizazi kizima cha pop-panki ya miaka ya 2000 kiliishi humo. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ilifanikiwa kuokoa nyimbo kama 490,000 zilizokuwa zimenakiliwa na watafiti, na zilizobaki ni za yule aliyekuwa amepakua.

Ukubwa wa mafaili si wa kutisha. MP3 ya kbps 320 ni megabaiti 2.4 kwa dakika. Wimbo wa dakika mbili na nusu ni megabaiti 6, na albamu ya nyimbo 11 za jumla ya dakika 28 ni kama 67. FLAC, ambayo haipotezi chochote cha sauti, inaweza kufika mara tatu ya hapo, kama megabaiti 200 kwa albamu hiyo. Tunashauri hivi: pakua MP3 kwa bando lako ili usikilize leo, kisha ukifika penye waifai ya maana, kazini au maktaba, chukua FLAC ya kuweka. Iweke sehemu mbili, diski ya nyumbani na flashi au hifadhi ya mtandaoni. Folda ipewe jina la bendi, mji, mwaka na jina la albamu, maana bendi zenye jina moja zitakuja kukuchanganya baadaye. Ndani yake weka jalada, mashairi, na faili dogo la maandishi lenye majina ya wanabendi, studio na tarehe ya kununua. Kisha nakili anwani ya ukurasa wao uihifadhi kwenye Wayback Machine, huduma ya Internet Archive inayotunza nakala za kurasa. Hifadhi hiyo hushika maandishi na picha vizuri, sauti si mara zote, ndiyo maana mafaili yako ndiyo ya kutegemea.

Na ukitaka kumwonjesha rafiki, mtumie kiungo, usimtumie faili kwa WhatsApp. Faili likishaingia kwenye kundi la watu 200 linazunguka bila jina la bendi, na hakuna hata mmoja atakayejua pa kulipa.

Fulana na santuri ni suala la kufikiria mara mbili. Kutuma fulana moja kutoka Marekani hadi Nairobi kunaweza kugharimu kuliko fulana yenyewe, na kifurushi hubandikwa fomu ya forodha ambayo thamani yake ndiyo msingi wa ushuru utakaoombwa ukienda kukichukua Posta. Andikia bendi kwanza, uulize gharama ya kutuma Kenya kabla ya kulipa, kwa kuwa bei iliyowekwa kwenye ukurasa mara nyingi ni ya makisio na wanaweza kukurudishia pesa wakigundua hawawezi. Anwani iwe na sanduku la posta, msimbo na namba ya simu. Wengi wetu tunafanya hivi: fulana inatumwa kwa binamu au shangazi aliyeko Minnesota au Dallas, inakuja na mtu Desemba. Inachelewa, lakini inafika. Kungoja kukikuchosha, nunua albamu kwa bei ya juu zaidi ya iliyoandikwa, na sehemu kubwa ya pesa hiyo itafika kwao badala ya kuishia kwenye stempu.

Kuwaandikia kuna faida nyingine. Bendi ndogo hujibu. Andika kifupi: wimbo gani umekushika na sehemu gani, unasikiliza ukiwa wapi, na swali moja linalojibika. Uliza kama kuna demo za zamani ambazo hazipo mtandaoni, au kama wanaruhusu wimbo wao uchezwe kwenye redio ya chuo. Ruhusa ya maandishi itunze kwenye folda ileile. Wakitangaza shoo ya moja kwa moja mtandaoni, fanya hesabu ya saa: saa mbili usiku ya Chicago ni saa kumi alfajiri kwetu wakati wa kiangazi chao, saa kumi na moja wakati wa baridi.

Nairobi yenyewe ina watu wake. Crystal Axis wamebeba panki ya Kiafrika kutoka hapa, na kabla yao kizazi cha Parking Lot Grass, Murfy's Flaw na Rash kilijenga hadhira ya roki ya Kenya. Bendi changa zinazofanya mazoezi kwenye magereji na vyumba vya mitaani hujitolea nyimbo zenyewe, na njia ni ileile: bango, herufi ndogo za chini, jina la fundi wa sauti. Ukienda shoo, uliza bendi inapanda saa ngapi, si mlango unafunguliwa saa ngapi, na panga nauli ya kurudi baada ya saa sita usiku kabla hujanunua kinywaji. Simama mita chache mbele ya meza ya mitambo, kwa maana fundi anarekebisha sauti kwa anachokisikia pale. Pembeni ya spika utasikia besi na matoazi, mwimbaji hutamsikia. Nenda na vizibo vya masikio vya sponji, vinapatikana kwenye maduka ya dawa. Kizungushe kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, kiingize, ukishikilie sekunde 20 hadi 30 kitanuke. Kwa kiwango kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini Marekani, desibeli 100 ni salama kwa dakika 15 tu, na shoo ya panki kwenye chumba kidogo hufika hapo wimbo wa kwanza.

Bendi ikivunjika, aliyekuwa na nenosiri la ukurasa anaweza kuufuta siku yoyote. Ikisaini lebo, demo za zamani mara nyingi huondolewa na nyimbo zilezile kurekodiwa upya, safi zaidi na wakati mwingine baridi zaidi. Ukisikia fununu ya lolote kati ya hayo, fungua folda yako, cheza kila faili hadi sekunde ya mwisho uone hakuna lililokatika wakati wa kupakua, na kama kuna wimbo wao uliokuwa ukiusikiliza bila kuununua, ununue usiku huohuo.